Pikapu Iliyokata Pumzi Mlimani

Mjane akikaa eda katika mtaa wetu hapa Kasongo, hukaa kweli. Haendi sokoni, haendi harusini, hapaki manukato, na wanaume wasio maharimu wake hawamwoni. Wanawake wa mtaa huja mmoja mmoja na kifurushi cha sukari mkononi, wakijidai wamekuja kusalimu, kumbe wanataka kuhakikisha kwamba ana huzuni ya kutosha. Aicha alikuwa nayo ya kutosha na ya kuwagawia. Kilichomshinda ni kuta. Chumba chake kilikuwa na dirisha moja lenye pazia la kitenge, na nje ya dirisha lile, palepale uani, ilisimama pikapu ya marehemu mume wake.

Assumani aliinunua pikapu ile ikiwa mzee tayari, akaizeesha zaidi katika njia ya Wamaza. Alipeleka chumvi, sabuni na ndala, akarudi na mpunga na mawese. Miaka yote hiyo, dereva wao akiendesha, Aicha alikaa kiti cha mbele karibu na mumewe, akibishana na wauza mpunga na kuonja mawese kwa ncha ya kidole. Hakuwahi kushika usukani, lakini masikio yake yaliijua injini ile kama mama anavyokijua kikohozi cha mwanawe. Alijua mlio wa mkanda uliolegea, alijua mlio wa kukosa oili, na alijua pia mlio wa ujeuri mtupu wa asubuhi ya mvua.

Sasa kaka wa marehemu, Bulaimu, alikuwa ameamua kwamba injini imekufa. Bulaimu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu ambaye hajawahi kuulizwa swali akasema sijui, na watu wa namna hiyo wana hasara zao. Alimleta fundi wake kutoka upande wa soko, wakaiwasha pikapu, wakazunguka nayo, ikawakatia pumzi kwenye kilima cha kwanza. Fundi akatoa hukumu palepale: ringi za pistoni zimekwisha, zile wanazoziita segma, na injini ya gari kongwe hivi haifai hata kuchimbiwa kaburi. Ijumaa baada ya swala wangesimamisha miti mitatu na mnyororo, wang'oe injini, na mzoga uliobaki ubadilishwe kwa pikipiki za kubeba abiria. Bulaimu angezisimamia pikipiki yeye mwenyewe, kwa faida ya familia. Na Aicha, eda ikiisha, angepelekwa Nyangwe kwa kaka zake, akapumzike.

Neno hilo, akapumzike, ndilo lililomkosesha Aicha usingizi. Alikuwa amelelewa Nyangwe, aliijua nyumba ya kaka zake. Mwanamke aliyerudishwa kule anapewa mkeka pembeni, kisha anapumzika kwa kutwanga, kuchota maji na kulea watoto wa wengine mpaka anakufa. Pikapu ikibaki, yeye na dereva wangerudi njia ya Wamaza, kila muuza mpunga akimjua kwa jina. Pikapu ikienda, hakuna kilichobaki cha kumtoa ndani ya kuta.

Dereva mwenyewe aliitwa Ruphin, Mbangubangu wa Kabambare, Mkatoliki wa rozari shingoni, mtu mpole aliyefanya kazi na Assumani tangu pikapu ikiwa na rangi. Tangu msiba, Ruphin alitembea mjini ameinamisha kichwa. Watu walisema yeye ndiye aliyeiua injini, na injini ndiyo iliyomuua Assumani. Bulaimu alilisema waziwazi barazani mbele ya waliokuja kutoa rambirambi: kikulacho ki nguoni mwako.

Siku yenyewe ilikuwa hivi. Aicha alibaki nyumbani na homa, Assumani na Ruphin wakaenda Wamaza wawili tu. Kule ngiri ya Assumani, aliyoibeba miaka mingi kama mzigo wa aibu, ikamkaza ghafla. Ruphin akamlaza kwenye kiti, akaelekea Kasongo kwa daktari wa kupasua. Njiani pikapu ilikata pumzi, ikangojewa, ikawaka, ikakata tena. Ilipofika mjini, kilichobaki kilikuwa ni mlima mmoja tu, ule unaopanda nyuma ya nyumba ya Aicha mpaka lango la hospitali. Aicha aliisikia ikipita. Aliisikia ikianza kupanda, ikikohoa, ikinyamaza. Hakujua kwamba ndani kuna mgonjwa, akasema moyoni, leo tena, maskini Ruphin. Vijana walikuja kusukuma, na Assumani akafia pale katikati ya mlima, lango likionekana.

Tangu siku hiyo Aicha hakulia. Watu walimsifu kwa uvumilivu, naye aliwaacha wasifu.

Siku moja kabla ya Ijumaa alimwita Ruphin. Adabu ya eda ilifuatwa: Soraya, binti yake mkubwa, alikaa kizingitini, na Ruphin akakaa nje chini ya dirisha juu ya bidoni, dumu tupu la mafuta, lililofudikizwa, mgongo kwa pazia. Aicha alitaka kusikia ugonjwa tangu mwanzo, kama daktari anavyouliza, bila kurukwa kitu.

Ruphin akaeleza. Alibadilisha buji, zile za kutoa cheche, hakuna kitu. Alifungua kabureta akaiosha kwa petroli safi, ikaenda nusu siku. Aliweka chujio jipya, hakuna kitu. Aicha akauliza kuhusu moshi. Hakukuwa na moshi, wala wa buluu wala mweusi. Akauliza kuhusu oili. Oili ilikaa palepale kwenye kipimo, haikushuka. Akauliza kama kuna kugonga ndani. Hakuna. Uani injini ililia vizuri tu, hata Aicha aliisikia mwenyewe kila asubuhi. Ilikuwa ikipewa mzigo na mlima ndipo inalegea, kwanza polepole, kisha kabisa.

"Na ikisha kukata pumuzi," Aicha akauliza, "weye unafanya nini?"

"Ninaizima, mama. Ninangoya kidogo. Kisha inawaka, inaenda sawa vile iko ya mupya, mupaka mulima mwingine."

Aicha alicheka kidogo, kicheko kikavu, cha kwanza tangu msiba. "Mutu wa kufa halali kidogo kisha anaamuka, Ruphin. Kama segma zilikwisha, zilikwisha asubui na magaribi. Ile motere haina ugonjwa. Iko na njaa."

Ruphin alisema hata yeye aliwaza hivyo, kwamba mafuta hayafiki. Ndiyo sababu akabadilisha chujio. Kisha akakumbuka kitu alichokiona kidogo, akakisema kwa sauti ya mtu anayeogopa kuchekwa. Siku moja alichomoa mpira unaoleta petroli kutoka tangini, akaweka mdomo, akapuliza kurudisha nyuma. Alisikia mabubujiko kule ndani ya tangi. Siku ile pikapu ilipanda kila mlima. Kesho yake, yaleyale.

Nyuma ya pazia Aicha alilipima neno kwa neno. Uchafu ungepita ukakamatwa na chujio. Mchanga haurudi nyuma kwa pumzi ya mtu. Kitu kinachoondoka ukipuliza, na kurudi injini ikivuta, na kuachia injini ikizimwa, ni kitu kikubwa na laini kinachoelea humo tangini. Injini ikivuta kwa nguvu mlimani, kinakuja kuziba mdomo wa bomba. Injini ikinyamaza, kinaanguka. Alikiona kama vile tangi lilikuwa la kioo. Na rangi yake pia aliiona.

Akamwambia Ruphin aende, kichwa kinamuuma.

Ni hivi. Kifuniko cha tangi la pikapu kilipotea masika yaliyopita, kwenye tope la njia. Kifuniko cha gari kama lile hupati Kasongo, labda uagize Bukavu, nawe ungoje. Basi Assumani alifanya kama kila mwenye gari hapa: aliomba kitambaa. Aicha akachana ukanda kwenye kikwembe chake, kitenge cha buluu chenye ndege wa njano, wakausokomeza kwenye mdomo wa tangi. Kitambaa kilitolewa wakati wa kumimina petroli, kikarudishwa. Kazi ya kukirudisha ilikuwa ya Aicha, kwa sababu Assumani alikuwa akigombana na wauza petroli. Na siku moja, Wamaza, alikisukuma kwa kidole kwa nguvu kuliko kawaida, kikateleza, kikatumbukia. Alichungulia, akaona giza. Assumani alikuwa na hasira siku hiyo kwa ajili ya mpunga uliolowa, na Aicha hakutaka kumwongezea. Kitambaa ni kitambaa, alijisemea, tangi halitakufa kwa kitambaa. Walipofika nyumbani akachana ukanda mwingine, akaufunga mdomo, akasahau.

Sasa alifungua sanduku, akakitoa kikwembe. Upande mmoja ulikuwa umeliwa vibaya kuliko alivyokumbuka. Aliwalaumu panya, akakikunja tena. Kisha akakaa juu ya sanduku kama mtu anayezuia kitu kisitoke.

Alitekwa. Kila upande aliogeukia kulikuwa na ukuta. Akinyamaza, kesho injini nzima itang'olewa kama jino lisilouma, yeye ataenda kupumzika Nyangwe, na Ruphin atabeba jina la muuaji mpaka kwa wajukuu wake. Akisema, gari litapona, na mji mzima utajua nini kilichomzuia Assumani asifike kwa daktari, na ni mkono wa nani uliokitia. Kukitoa kwa siri hakuwezekani: pikapu iko nje, yeye yuko ndani, na tangi lile lazima lishushwe kwa watu wawili. Hata kama angekitoa kwa siri, yeye mwenyewe angejua. Hilo ndilo lililomuuma zaidi. Alimwona Assumani amelala kwenye kiti chake yeye, kiti cha mbele, akingoja injini ipumzike, na kile kitambaa cha buluu chini yao kikicheza ndani ya petroli. Alimchukia mtu aliyekitia. Alitamani angekuwa mtu mwingine.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Hawakusema afanye nini yule ambaye kilio kimekwisha kulia.

Ijumaa wanaume walitoka msikitini wakaja moja kwa moja. Aicha alisikia miti ikibwagwa, mnyororo ukiburutwa, sauti ya Bulaimu ikiamuru mahali pa kuchimba mashimo. Alisikia Ruphin akiomba kwa upole apewe siku moja tu. Bulaimu akamjibu kwamba amekwisha kupewa siku nyingi, na katika siku hizo ndugu yake alikufa. Kunyamaza kule kwa Ruphin ndiko kulikomsimamisha Aicha. Alienda dirishani, akashika pazia kwa mikono miwili ili lisifunguke, akasema kwa sauti ambayo haikuwahi kusikika uani.

"Baba Bulaimu, kwanza mushushe tanki. Muko kitambaa ndani. Ni yangu. Niliiangusha miye mwenyewe kule Wamaza, na sikusema."

Fundi wa sokoni alicheka, akasema wanawake na vitambaa. Lakini Ruphin hakungoja ruhusa. Aicha alimsikia akijitupa chini ya gari, funguo zikilia kwenye nati zenye kutu, kisha akiita mtu amsaidie kupokea. Walimimina petroli kwenye bidoni. Ruphin akaingiza waya uliopindwa kama ndoana, akakoroga, akavuta.

Soraya, aliyekuwa mlangoni, aligeuka akamtazama mama yake. Hakuhitaji kusema rangi.

Bulaimu alikiokota kile kitambaa kinachodondoka, akaja nacho mpaka dirishani, karibu kuliko adabu inavyoruhusu. Sauti yake haikuwa ya hasira. Afadhali ingekuwa.

"Basi weye njo ulimuuwa ndugu yangu."

Aicha alikuwa amelitarajia neno hilo usiku kucha, na bado lilimwingia kama geni. Alishika pazia tu.

"Kaka," Ruphin akasema kutoka chini ya gari, "ngoya. Iko ingine."

Kitambaa cha pili kilikuwa cha buluu vilevile, chenye ndege wa njano. Aicha alichungulia kwenye mwanya wa pazia akakiona, kisha akatazama pikapu, na pale juu ya bodi, kilipowekwa baada ya kuchomolewa kwenye mdomo wa tangi, palikuwa na kingine cha buluu. Vitatu. Yeye alichana mara mbili tu. Ndipo alipojua panya wake ni nani. Assumani naye alikitumbukiza kimoja, siku fulani, mahali fulani, akaona aibu au akaogopa mdomo wa mkewe, akaja kwa kunyata akafungua sanduku, akachana ukanda wake, akanyamaza. Walikuwa wamekaa bega kwa bega kiti cha mbele, kila mmoja na siri yake ya kitambaa, wakishangaa pamoja gari lina nini.

Moyo ulimuuma, na papo hapo alitamani kumcheka, na mtu wa kumcheka hayupo.

Ruphin aliendelea kukoroga. Safari hii waya ulishika kitu kizito, akavuta kwa mikono miwili. Kilitoka kipande cha taulo la rangi ya waridi, kinene, chenye pindo la nyuzi, kikubwa kuliko vile vingine vyote viwili. Ruphin alikitazama, kisha akatazama pembeni. Wanaume waliokuwepo nao wakatazama pembeni. Taulo lile kila mtu mtaani alilijua: Bulaimu hulivaa shingoni kila asubuhi akienda kuoga, na tangu Idi limekuwa fupi upande mmoja. Siku ile ya Idi aliliazima gari la ndugu yake kuwachukua wageni Nyangwe, na bila shaka, akiona kitambaa cha buluu ni chembamba, alisokomeza kipande cha taulo lake, kikatumbukia, akarudisha kile cha buluu, akaja nalo jioni bila neno, akisifu jinsi linavyokwenda.

Bulaimu, yule asiyekosa jibu, alikaa chini juu ya tairi la akiba. Kitambaa cha buluu kilikuwa bado mkononi mwake, kikimlowesha kanzu ya Ijumaa. Alifungua mdomo mara kadhaa.

Aicha alikuwa na neno lake tayari. Ni lile lile aliloambiwa yeye, lilikuwa bado la moto, na angelirudisha tu lilivyo. Hakuna ambaye angemlaumu. Alimtazama shemeji yake kwa mwanya wa pazia, mtu mzima aliyekaa juu ya tairi kama aliyeachwa na wenzake njiani, akaona kwamba naye sasa yuko mahali ambapo yeye Aicha alikuwa tangu jana, na kwamba mahali pale hapana mlango.

"Shemeji," akasema, "tuko wote mu ile tanki. Na Assumani iko naye."

Bulaimu aliinamisha kichwa. Kisha akamwambia fundi wake akusanye miti yake aende. Fundi akauliza habari ya pikipiki. Bulaimu akamwambia hakuna pikipiki, gari ni la Mama Soraya na watoto, na akamwomba Ruphin radhi mbele ya watu wote, kwa maneno machache yaliyomtoka kwa shida kama nati zile za kutu. Kisha akachukua taulo lake, akavichukua na vile vitambaa viwili, akasimama hajui avitupe wapi. Mwishowe akavianika kwenye kamba ya nguo, vyote vitatu pamoja, akaenda zake.

Walipandisha tangi kabla ya magharibi. Ruphin alifunga mdomo wake kwa kipande cha ndala alichokikata mviringo, akakifunga kwa waya nje, kisichoweza kutumbukia hata mtu akitaka. Akaja chini ya dirisha, akauliza kwa adabu kama mama anamruhusu kuijaribu. Aicha akamwambia aipandishe mlima.

Injini iliwaka mara moja. Alikaa kitandani akaifuata kwa masikio: ilitoka uani, ikakunja kona, ikaanza kupanda nyuma ya nyumba. Ruphin aliikanyaga bila huruma. Ilifika mahali pale, na Aicha akaacha kupumua. Haikukohoa. Ilipita mahali pale kama mahali pengine popote, ikapanda, ikapanda, sauti moja iliyonyooka mpaka juu, na langoni pa hospitali Ruphin akapiga honi, kama anavyopiga dereva aliyefikisha mgonjwa ili mlinzi afungue.

Hapo ndipo Aicha alipolia. Alilia kwa sauti, mpaka Soraya akaja mbio akidhani kuna habari nyingine mbaya, na wanawake wa mtaa wakatoka milangoni mwao. Soraya alimshika mabega, akamwambia mama, gari limepona, halikusimama, si umelisikia lenyewe.

Aicha alikuwa amelisikia. Lilikuwa limefika hospitali upesi hivyo, na halikumbeba mtu.